Je, Wajua? Sabufa ya Kawaida Inaweza Kutoa Sauti Nzuri Bila Kununua Nyingine

Katika sebule nyingi za Afrika Mashariki, sabufa yenye spika zake mbili ndogo ndiyo redio ya nyumba. Inapokea muziki kutoka kwenye simu kwa Bluetooth, inasoma flashi, na siku ya mechi inabeba sauti ya televisheni. Malalamiko juu yake yanafanana kila mahali: besi inavuma hadi vioo vya dirisha vinatetemeka, maneno ya mwimbaji yanamezwa, matoazi yanachoma masikio. Mwenye nyumba anaanza kuweka akiba anunue kubwa zaidi, na mara nyingi hiyo kubwa nayo inavuma vilevile, kwa sababu tatizo halikuwa la spika peke yake. Lilikuwa la chumba na la mpangilio wa sauti, na sehemu kubwa ya dawa yake iko bure ndani ya simu au kompyuta. Dawa hiyo ni ikwalaiza ya kidijitali, yaani programu inayopunguza au kuongeza sehemu fulani za sauti kabla hazijafika kwenye spika. Haya hapa ni mambo ambayo kila mpenda muziki anafaa kuyajua.

1. Ikwalaiza ilianzia kwenye waya za simu

Kabla ya kuingia kwenye redio, ikwalaiza ilikuwa kifaa cha mafundi wa simu. Sauti iliyosafiri kwenye waya mrefu ilifika ikiwa imepoteza milio yake ya juu, na maneno yakawa hayaeleweki. Mafundi wakabuni mizunguko ya umeme ya kurudisha kilichopotea njiani. Hata desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti tunachokitumia hadi leo, kilitoka kwa wahandisi wa simu wa kampuni ya Bell nchini Marekani katika miaka ya 1920, na kilipewa jina kwa heshima ya Alexander Graham Bell.

Vifundo vya besi na trebo tunavyovijua vinadaiwa sana na mhandisi Mwingereza Peter Baxandall, aliyechapisha mchoro wake katika jarida la Wireless World mwaka 1952. Miaka 20 baadaye, mwaka 1972, Mmarekani George Massenburg aliwasilisha mbele ya Audio Engineering Society ikwalaiza inayomwachia mtumiaji achague mambo matatu: sehemu gani ya sauti iguswe, iguswe kwa kiasi gani, na mguso huo uwe mpana au mwembamba. Mambo hayo hayo matatu ndiyo utakayoyakuta leo katika programu ya bure.

2. Sebule yako ina noti zake

Sauti hupimwa kwa hezi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hivi hadi 20,000. Hewani sauti husafiri kwa takriban mita 343 kwa sekunde, na joto likiongezeka huenda kasi kidogo zaidi.

Sasa chukua sebule yenye urefu wa mita 4. Wimbi la besi linatoka kwenye spika, linagonga ukuta wa mbali, linarudi, linagonga ukuta wa nyuma, na safari hiyo ya kwenda na kurudi ni mita 8. Gawanya 343 kwa 8, unapata hezi 43. Mlio wowote wa hezi 43 utakuwa unakutana na wimbi lake lenyewe likirudi kwa wakati ule ule, na mawimbi hayo yatasaidiana. Kama upana wa chumba ni mita 3, mlio mwingine utakaovimba ni wa hezi 57 hivi. Kimo cha dari cha mita 2.7 kinaongeza wa tatu, karibu hezi 64.

Ukitaka kuona maana yake kwenye muziki, shika gitaa la besi. Noti ya F, ile ya kibonyezo cha kwanza kwenye waya mnene, ina hezi 43.65. Noti ya B bemoli iliyo juu yake ina hezi 58.27. Katika sebule hiyo ya mita 4 kwa 3, mpigaji anaweza kupiga noti zote kwa nguvu sawa kabisa, lakini wewe ukasikia F na B bemoli zikinguruma, na noti za jirani zikipita kimya. Kinachonguruma hapo ni chumba, na sabufa ya bei kubwa mara tatu ingeonyesha kasoro ile ile.

3. Kusogeza kiti kunaweza kushinda kununua spika

Mlio huo wa hezi 43 hauko sawa kila mahali. Karibu na kuta mbili za mwisho una nguvu sana, na katikati kabisa ya urefu wa chumba karibu hausikiki. Ndiyo maana aliyekaa kwenye kochi lililoegemea ukuta anasema besi imezidi, na aliyekaa katikati ya chumba anasema haipo. Wote wawili wanasema kweli.

Sabufa nayo inafuata sheria hiyo. Ukiiweka kwenye kona, inaamsha milio yote ya chumba kwa mpigo mmoja, na hapo ndipo watu wengi huiweka ili isichukue nafasi. Kuna njia ya kuitafutia mahali pazuri bila kifaa chochote. Iweke sabufa pale unapokaa, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha wewe uzunguke chumbani ukiwa umeinama karibu na sakafu. Pale utakaposikia noti zote za besi zikitoka kwa usawa, ndipo pa kuiweka. Njia hii inafaa kwa sababu msikilizaji na chanzo cha sauti wakibadilishana nafasi, njia ya sauti kati yao haibadiliki. Kanuni hiyo ilielezwa na mwanafizikia Mjerumani Hermann von Helmholtz katika karne ya 19.

4. Nyumba ya tofali huifungia besi ndani

Ukuta wa tofali za saruji uliopigwa plasta ni mzito, kwa hiyo mawimbi ya besi yanaugonga na kurudi karibu yote. Ukuta wa mbao nyembamba au mabati unayaachia sehemu yake yapite. Katika chumba cha tofali besi hukaa na kuvuma. Katika kibanda cha mabati besi hupungua ndani, lakini jirani naye anaipata. Pazia na zulia haviisaidii sana hali hiyo, maana vinameza milio ya juu na ya kati tu. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na kitambaa cha unene wa kidole hakilizuii. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani nazo hazina nguvu juu ya besi.

5. Besi hupotea kila unapopunguza sauti

Mwaka 1933 watafiti wawili wa Bell, Harvey Fletcher na Wilden Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii milio yote kwa usawa, na kwamba tofauti hiyo hubadilika kadiri sauti inavyopanda au kushuka. Sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo ya kwanza kutoweka, ingawa spika bado inaitoa. Ndiyo sababu wimbo uliokuwa mtamu mchana kwa sauti kubwa husikika mwepesi usiku watoto wakiwa wamelala. Redio nyingi za zamani ziliwekewa kitufe cha kuongeza besi kwa ajili ya usikilizaji wa sauti ya chini. Katika programu ya leo unaweza kuhifadhi mipangilio miwili: mmoja wa mchana, na mwingine wa usiku wenye besi iliyoongezwa kwa desibeli 3 au 4.

6. Sikio lenyewe lina mlio linaoupenda

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi. Urefu huo unalifanya lipokee kwa nguvu zaidi milio ya karibu hezi 3,000 hadi 3,500. Hapo ndipo zilipo konsonanti zinazotofautisha neno na neno, na hapo pia ndipo kelele huchosha haraka. Spika nyingi za bei nafuu hupiga kelele katika eneo hilo hilo. Ukipunguza desibeli 2 au 3 tu kati ya hezi 2,500 na 4,000, mara nyingi utaweza kusikiliza kwa saa mbili bila kichwa kuuma. Ukipunguza kupita kiasi, maneno yatafifia.

7. Namba tano za kwenye simu yako zina kazi tofauti

Simu nyingi za Android zina ikwalaiza yenye vitelezi vitano: 60, 230, 910, 3,600 na 14,000. Sitini ni kishindo cha ngoma kubwa na mwili wa gitaa la besi. Mia mbili thelathini ni unene wa sauti ya mtu, na eneo hilo likizidi, chumba kizima kinasikika kama boksi. Mia tisa na kumi ni moyo wa magitaa na ala za upepo. Elfu tatu na mia sita ni maneno. Elfu kumi na nne ni mng'ao wa matoazi na kayamba, na watu wengi waliokwisha pita umri wa miaka 50 husikia kidogo sana huko juu.

Ukiwa na kitelezi kimoja tu cha kugusa, anza na 230. Kishushe kidogo kidogo huku mtu akiimba, na usimame pale maneno yanapofunguka bila sauti kuwa nyembamba. Mpangilio maarufu wa kupandisha besi na trebo na kushusha katikati huvutia kwa dakika ya kwanza, lakini katikati hapo ndipo mwimbaji alipo.

8. Kupunguza ni bure, kuongeza kuna gharama

Kila desibeli 3 unazoongeza zinadai nguvu mara mbili kutoka kwa amplifaya. Desibeli 6 zinadai mara nne. Desibeli 10 zinadai mara kumi, na kwa sikio hilo ni kama sauti imekuwa kubwa maradufu tu. Amplifaya iliyokuwa ikitoa wati 10 kwa raha, ukiipandishia besi kwa desibeli 6, itatakiwa kutoa wati 40 kila ngoma inapopigwa.

Spika yenyewe nayo inaumia. Ili kutoa mlio wa hezi 40 kwa ukubwa ule ule wa mlio wa hezi 80, koni yake inabidi iende mbele na nyuma mara nne zaidi. Koni ya inchi 4 haina nafasi hiyo. Itafika mwisho wa mwendo wake, itakwaruza, na kwa kukwaruza itachafua hata sauti ya mwimbaji. Spika ndogo isiyo na sabufa hupumua vizuri pale unapoikatia kabisa milio ya chini ya hezi 60 au 70 isiyoiweza. Watu hushangaa kuona besi iliyobaki inakuwa safi zaidi na redio inaweza kupanda juu bila kukoroma.

9. Sauti ya kidijitali ina dari, na ukiigonga inapasuka

Katika CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, kila sampuli ya sauti ina ngazi 65,536, na hakuna ngazi ya juu zaidi ya hizo. Nyimbo nyingi za sasa zinarekodiwa zikiwa tayari zimekaribia dari. Ukipandisha kitelezi kwa desibeli 6, sehemu kubwa za wimbo hazina pa kwenda, vilele vinakatwa, na unasikia mikwaruzo. Kinga yake ni rahisi: ukiongeza desibeli 6 mahali popote, shusha kiwango cha jumla cha programu kwa desibeli 6, kisha ongeza sauti kwenye redio yenyewe. Programu nyingi nzuri zina kitelezi cha kazi hiyo.

10. Kilele hukatwa, shimo halizibiki

Hili ndilo jambo linalowapotezea watu muda mwingi zaidi. Mahali ambapo mawimbi mawili yanasaidiana panakuwa na kilele, na kilele kinatii ikwalaiza: ukikipunguza, kinashuka. Mahali ambapo wimbi la moja kwa moja na lile lililorudi kutoka ukutani yanapingana panakuwa na shimo, na mlio huo unatoweka. Ukiongeza nguvu katika mlio huo, unaongeza wimbi la kwanza na la pili kwa pamoja, nayo yanaendelea kufutana. Amplifaya inachemka, spika inahangaika, na shimo liko pale pale.

Mfano mmoja: spika iliyo mita moja mbele ya ukuta wa nyuma yake huleta shimo karibu na hezi 86, kwa sababu sauti iliyokwenda nyuma inarudi ikiwa imechelewa nusu wimbi. Dawa ni kuisogeza spika karibu zaidi na ukuta, au kusogeza kiti. Programu haiwezi kufanya kazi ya mikono.

Kwa vilele habari ni njema zaidi ya inavyotarajiwa. Ukikikata kilele kwa usahihi, pale ulipokaa hata ule mvumo unaobaki baada ya ngoma kunyamaza unapungua, na besi inakuwa na mwanzo na mwisho.

11. Namba kubwa kwenye boksi si nguvu ya kweli

Maboksi mengi huandikwa maelfu ya wati yakifuatiwa na herufi PMPO. Herufi hizo hazina kipimo kimoja kilichokubaliwa, na kila mtengenezaji hukokotoa anavyotaka. Geuza kifaa, usome lebo ya nyuma inayotaja umeme kinaotumia. Kikiandikwa wati 60, hakiwezi kutoa mfululizo zaidi ya wati hizo 60, kwa sababu nguvu haitoki hewani. Kipimo cha kuuliza dukani ni wati za RMS, yaani nguvu ambayo kifaa huweza kuitoa mfululizo. Ukiijua namba ya kweli utajua pia kwa nini hupaswi kupandisha besi ovyo.

12. Ubongo husikia besi ambayo spika haikuitoa

Sauti ya mwanaume anayezungumza ina msingi wa hezi 85 hadi 180 hivi, lakini simu za kawaida za waya zilipitisha kuanzia hezi 300 hadi 3,400 tu. Hata hivyo hakuna aliyemsikia baba yake kwenye simu akadhani ni mtoto. Kila noti ina msingi na milio mingine juu yake, na ubongo ukisikia milio hiyo ya juu huujaza msingi wenyewe. Spika ndogo huishi kwa msaada huo. Kwa hiyo badala ya kulazimisha hezi 40 zisizowezekana, ongeza kidogo karibu na hezi 100 hadi 120, na gitaa la besi litafuatika vizuri.

13. Unaweza kupima chumba chako kwa mlio mmoja unaopanda

Mwaka 2000, katika mkutano wa Audio Engineering Society jijini Paris, Mwitaliano Angelo Farina alieleza njia ya kupima kwa mlio mmoja unaopanda kutoka besi ya chini hadi milio ya juu kabisa. Kompyuta inasikiliza kwa maikrofoni, inakokotoa, na kuchora mstari unaoonyesha vilele na mashimo ya chumba. Room EQ Wizard, programu ya bure ya John Mulcahy, hutumia mlio wa namna hiyo na hata hukupangia vichujio, yaani mipangilio ya ikwalaiza ambayo kila mmoja hupunguza au kuongeza eneo moja la sauti. Kwenye Windows vichujio hivyo hupakiwa katika Equalizer APO, ambayo nayo ni ya bure. Kwenye Linux kuna EasyEffects.

Maikrofoni ya kupimia huja na faili la masahihisho yake. Ile ya simu haifai kwa besi, maana simu nyingi huikata kwa makusudi. Asiye na maikrofoni atumie masikio: pakua programu ya kutoa mlio mmoja, kaa pale unapokaa siku zote, anza hezi 30, panda hezi moja moja hadi 200 kwa sauti ya wastani, na uandike kila mahali mlio unapovimba. Katika sebule ya mfano wetu, karatasi yako huenda ikawa na 43 na 57. Fungua vichujio viwili: cha kwanza hezi 43, punguza desibeli 6, na ule upana unaoitwa Q uuweke 5. Cha pili hezi 57, punguza desibeli 4, Q 5. Q ya 5 kwenye hezi 43 maana yake ni kugusa ukanda wa hezi 8 hadi 9 tu, kwa hiyo noti zilizo mbali na hapo zinabaki salama. Piga wimbo unaoujua vizuri, kisha zima na kuwasha vichujio mara kadhaa. Noti za besi zilizokuwa zinanguruma zitarudi kwenye mstari na wenzao.

14. Juu ya hezi 300, usiiamini sana michoro

Katika vyumba vidogo, chini ya hezi 200 hadi 300 chumba ndicho kinachotawala. Mpaka huo huitwa kwa jina la mwanafizikia Mjerumani Manfred Schroeder. Juu yake spika yenyewe ndiyo inayotawala, na mstari wa vipimo hubadilika hata ukisogeza kichwa kwa sentimita chache. Kujaribu kunyoosha kila kikunjo huko juu ni kuharibu sauti. Huko tumia vichujio vichache, vipana, vya desibeli 2 au 3, kwa kusikiliza.

15. Mwangwi hauondolewi na programu

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambamo neno moja lilibaki hewani kwa zaidi ya sekunde 5. Mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, alipewa kazi ya kuutibu. Usiku kucha, mji ukiwa kimya, yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, wakaipanga, wakapiga bomba la kinanda, na kupima kwa saa muda wa sauti kufa. Kutokana na mito hiyo alipata kanuni inayotumiwa na wasanifu hadi leo, na aliitumia katika Symphony Hall ya Boston iliyofunguliwa mwaka 1900.

Piga kofi sebuleni kwako. Ukisikia mlio unaogongana ukutani, chumba kinahitaji zulia, mapazia mazito, kabati la vitabu, kochi la kitambaa. Ikwalaiza hubadilisha kinachotoka kwenye spika. Haiwezi kuzuia kuta zisirudishe sauti.

16. Kazi hii ni nyepesi mno kwa simu yako

Kichujio kimoja cha aina hii hufanya mazidisho 5 kwa kila sampuli. Muziki wa CD una sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo vichujio 10 kwenye spika mbili ni mazidisho milioni 4.4 hivi kwa sekunde. Kichakataji cha simu ya kawaida hufanya mabilioni. Kazi ambayo studio za miaka ya 1970 ziliifanya kwa mitambo ya gharama kubwa, simu yako inaifanya bila hata kupata joto.

17. Rekodi za zamani zina mpaka wao

Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad aliposafiri kutoka Zanzibar kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri za zama hizo hazikuweza kubeba milio ya juu sana. Ukipandisha trebo ukitarajia mng'ao, utapandisha mikwaruzo ya santuri tu, kwa sababu juu kule hakuna uimbaji uliohifadhiwa. Kwa rekodi za namna hiyo fanya kinyume: shusha taratibu milio ya juu ya hezi 5,000 au 6,000, na uache katikati ilivyo. Sauti yake itasogea mbele.

18. Kilicho kikubwa kidogo hudhaniwa kuwa bora

Ukilinganisha mipangilio miwili, ule wenye sauti ya juu hata kwa desibeli 1 utaonekana mzuri zaidi. Sawazisha ukubwa kwanza, ndipo uhukumu. Ikiwezekana, mtu mwingine awe anabadilisha bila kukuambia. Mkanada Floyd Toole alitumia miaka mingi kufanya majaribio ya watu kusikiliza spika wasizoziona, na walielekea kupendelea zile zenye usawa, zisizokuza eneo lolote. Wakijua chapa na bei, macho yaliingilia hukumu.

19. Masikio hayana vipuri

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na watoto desibeli 75. Kila desibeli 3 juu ya hapo hupunguza muda salama kwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 90 zimebaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Redio iliyosawazishwa vizuri inasaidia hapa, maana maneno yakisikika wazi huna haja ya kupandisha sauti ili uyafuate, na mvumo ukikatwa, jirani naye analala.

Kabla hujaenda dukani

Fuata mpangilio huu. Toa sabufa kwenye kona na usogeze kochi kutoka ukutani. Weka zulia. Tafuta vilele viwili au vitatu vya besi na uvikate. Gusa kidogo eneo la hezi 230 na la 3,000 na kuendelea kama sauti bado inachosha. Shusha kiwango cha jumla kwa kiasi ulichoongeza popote. Kisha uache kwa siku chache bila kubadilisha chochote, masikio yazoee, ndipo uamue. Ukifanya hayo yote na bado hujaridhika, nunua spika nyingine bila majuto, kwa kuwa utakuwa unajua hasa unachokitafuta. Lakini jaribu kwanza: redio nyingi zinazolaumiwa mitaani hazijawahi kupewa nafasi ya kusikika.